Mwaka wa kwanza wa chuo hauamuliwi kwenye mtihani wa mwisho

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na vijana wanaoanza chuo kikuu mwaka huu, pamoja na wazazi waliojinyima ili wawafikishe huko. Kila muhula wa kwanza unapoisha, sisi tunaofundisha semina za mwaka wa kwanza tunaona jambo lilelile: vijana waliotoka kidato cha sita na divisheni wani wanakamata sapu (mitihani ya marudio) mbili tatu, na baadhi wanadisko kabisa, yaani wanaondolewa chuoni. Nyumbani na mitaani jibu huwa moja, kwamba mtoto alikwenda kustarehe. Wapo waliostarehe, lakini kundi kubwa linalotuumiza roho si hilo. Ni wale wanaosoma hadi macho yanawauma, wanakesha maktaba, na bado wanafeli, kwa sababu wanasoma kwa namna iliyowatosha sekondari na hakuna aliyewaonyesha nyingine.

Wiki ya utangulizi ina mambo mengi: usajili, picha ya kitambulisho, kadi ya bima, foleni ya kusaini bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu), hotuba za viongozi. Saa moja ya kumwonyesha mwanafunzi jinsi ya kusoma kozi ya chuo kikuu haimo.

Tuanze na hesabu ambayo wengi hawajawahi kuonyeshwa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120. Muhula basi ni krediti 60, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki, kazi ya mwajiriwa wa kutwa. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukitoa mihadhara na semina za saa 3 kwa wiki, ambazo kwa muhula ni 45, zinabaki saa 75. Hizo hazimo kwenye ratiba iliyobandikwa ubaoni, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwanafunzi anaitazama ratiba, anaona Jumatano nzima ni tupu, anaamini ana siku ya mapumziko. Siku hiyo imewekwa kwa ajili ya zile saa 75.

Asiyezitumia anakopa, na deni hilo linakua kimya. Saa 5 kwa wiki kwa kozi moja, ukiziacha hadi wiki ya 10, zimekuwa saa 50. Kwa kozi tano ni saa 250, na zimebaki wiki tano. Atalazimika kuongeza saa 50 kila wiki juu ya zile 40 za kawaida. Hakuna mwili unaoweza hilo, na ndiyo maana kukesha mwishoni hakumwokoi mtu hata akiwa na akili za namna gani.

Hesabu ya pili ni ya alama. Vyuo vyetu vingi hugawa kozi kwa alama 40 za kozi waki (testi na kazi za katikati ya muhula) na 60 za UE (mtihani wa mwisho wa muhula). Vijana wengi huzichukulia zile 40 kama mazoezi, na testi ya kwanza wanaingia nayo "kuona upepo". Tazama kinachotokea. Mwanafunzi anayetaka B+, yaani 60, akiwa na 28 kwenye kozi waki anahitaji 32 kati ya 60 kwenye UE, sawa na asilimia 53. Mwenzake mwenye 18 anahitaji 42, asilimia 70, katika chumba kilekile na karatasi ileile, akiwa na pepa nyingine nne wiki hiyohiyo. Wote wana akili sawa, ila mmoja alifanya kazi ya nyumbani na testi kwa uzito tangu wiki ya tatu. Isitoshe, kuna vyuo vinavyoweka kiwango cha chini cha kozi waki, na usipokifikia huruhusiwi hata kuingia UE. Soma kanuni za mitihani za chuo chako siku unayosajiliwa. Zimo kwenye prospektasi, kurasa zisizozidi kumi, na ni wachache mno wanaozifungua kabla hawajapata tatizo.

Jambo hilohilo lipo kwenye GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zako zote. Kozi hazilingani uzito. Alama ya A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2, na kila moja inazidishwa kwa krediti za kozi husika. Chukua muhula wenye kozi tatu za krediti 12 na tatu za krediti 8. Umepata B+, B na B kwenye zile kubwa, kisha A, B+ na B+ kwenye ndogo. Jumla ni pointi 224, gawa kwa 60, unapata 3.73. Ukipandisha B moja ya kozi kubwa kuwa B+ unafika 3.93. Ukipandisha B+ moja ya kozi ndogo kuwa A, jitihada ni ileile au zaidi, unaishia 3.87. Kwa hiyo, kabla hujagawa saa zako za wiki, andika krediti kando ya kila kozi. Sekondari hakukuwa na haja hiyo, chuoni ipo.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe. Njia inayotumiwa na wengi ni kusoma madesa (muhtasari ulioandaliwa na waliotangulia), kuyarudia, kupaka rangi mistari, kisha kuyarudia tena usiku wa kuamkia pepa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma. Jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, kisha vipindi vitatu vya kuandika kila walichokumbuka bila kutazama. Waliopimwa dakika 5 baadaye, kundi la kurudia kusoma liliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Waliopimwa baada ya wiki moja, kibao kiligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojiuliza wakakumbuka 61.

Matokeo hayo yanaeleza kilio tunachokisikia kila muhula: "Nilisoma, na usiku ule nilikuwa najua kila kitu." Alikuwa anasema kweli. Ukurasa uliousoma mara nne unauzoea, na kuuzoea kunakudanganya kwamba umeuelewa. Mtihani hauulizi kama unautambua ukurasa. Unakupa karatasi tupu na kukutaka ulete kilichomo kichwani. Basi fanya mazoezi ya kile utakachotakiwa kufanya: funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kwa dakika 20 yote unayokumbuka kuhusu mada ya leo, kisha fungua na uandike kwa kalamu ya rangi nyingine ulichokosa. Ile rangi nyingine ndiyo orodha ya kusoma. Utajisikia mjinga wiki mbili za mwanzo, maana karatasi itakuwa na mashimo mengi. Wengi huacha hapo na kurudi kwenye kupaka rangi kwa sababu inaleta faraja. Usiache. Ugumu unaousikia ndio kazi yenyewe.

Daftari lako likusaidie kwa hilo. Gawa ukurasa: upande wa kushoto acha safu ya sentimita 6, chini acha nafasi ya sentimita 5. Wakati wa muhadhara andika upande wa kulia tu, kwa maneno yako, si kunakili slaidi, kwa sababu slaidi utazipata kwa CR, kiongozi wa darasa. Unachopaswa kuandika ni kile ambacho mhadhiri anakisema na hakimo kwenye slaidi: mfano alioutoa, kosa alilolionya, swali alilolirudia mara mbili. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, geuza kila kipande kuwa swali na uliandike kwenye safu ya kushoto. Mahali palipoandikwa sababu za mfumuko wa bei, swali ni: "Kwa nini bei zinapanda hata mahitaji yasipoongezeka?" Nafasi ya chini jaza sentensi mbili au tatu za muhtasari. Mtindo huu ulianzishwa na Walter Pauk katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1950, na hauhitaji chochote zaidi ya rula na kalamu. Kuanzia hapo kurudia ni kufunika upande wa kulia kwa karatasi na kujibu maswali ya kushoto kwa sauti.

Jibu maswali hayo kesho yake, kisha baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki mbili, halafu baada ya mwezi. Kila mzunguko unakuwa mfupi kuliko uliopita, na kufikia wa nne dakika 10 zinatosha kwa muhadhara mzima. Saa 5 zilizotawanywa siku tano zinashinda saa 5 za mkupuo, kwa sababu ubongo unapolazimika kukitafuta kitu ulichoanza kukisahau, unakishika kwa nguvu zaidi. Weka dakika 15 kabla ya muhadhara kupitia mada inayokuja. Katika ukumbi wenye watu mia kadhaa na kipaza sauti kinachokatakata, anayeijua mada kidogo anafuata, na anayeisikia kwa mara ya kwanza ananakili tu. Kaa safu tatu za mbele. Huko nyuma kelele na simu za wenzako zitakuibia nusu ya somo.

Fani hazisomwi kwa namna moja. Katika hesabu, fizikia, uhandisi na uhasibu, kosa kubwa ni kusoma swali lililokwisha kujibiwa na kutikisa kichwa kwamba umeelewa. Funika jibu, fanya swali hadi ukwame, fungua mstari mmoja tu unaokukwamua, funika tena. Kesho lirudie lote bila kutazama. Maswali manane yaliyofanywa hivyo ni bora kuliko arobaini yaliyosomwa. Kisha changanya maswali ya mada tofauti, kwa kuwa pepa haikuambii swali ni la sura ya ngapi, na kujua njia ipi itumike wapi ni nusu ya kazi. Katika sheria, kesi mia zilizokaririwa hazina maana kama huwezi kutaja suala lililobishaniwa, kanuni ya sheria inayohusika, jinsi inavyogusa mazingira uliyopewa, na hitimisho, kwa mpangilio huo. Katika tiba na famasia mzigo wa kukumbuka ni mkubwa kiasi kwamba kadi ndogo za swali mbele na jibu nyuma haziepukiki. Katakata karatasi za manila, au tumia programu ya Anki inayopanga yenyewe ni lini kadi irudi. Kwa wanaosoma sanaa na sayansi ya jamii, chukua swali la pepa ya zamani na upange hoja zako kwa dakika 10: msimamo wako, hoja nne, mfano mmoja kwa kila hoja, hoja moja inayokupinga. Mipango mitano ya namna hiyo kwa wiki inakuandaa kuliko insha moja ndefu.

Kuna jambo moja ambalo viongozi wetu wa elimu huligusa kwa juujuu, nalo ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akapita sekondari kwa kukariri Kiingereza, anafika chuo na kukutana na makala ya kurasa 25. Anaona aibu kusema haelewi. Tunamwambia hivi: usione aibu, na usiache Kiswahili mlangoni. Soma aya moja, funga, mweleze mwenzako kwa Kiswahili inasema nini. Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili, hujaielewa, hata kama unaweza kuitaja neno kwa neno. Ukishaweza, andika sentensi tano za Kiingereza chako, bila kunakili. Hatua hii ya mwisho isirukwe, maana UE utaiandika kwa Kiingereza, na wengi wanaojadiliana vizuri sana kwa Kiswahili huanguka kwa kutoyafanyia mazoezi maandishi. Weka daftari dogo la istilahi, na kila istilahi iandikwe ndani ya sentensi kamili, siyo pweke na maana yake pembeni. Jifunze pia vitenzi vya maswali. Swali linalotaka ujadili linataka pande mbili na msimamo. Linalotaka ulinganishe linataka vitu viwili viende bega kwa bega katika kila hoja, siyo kurasa mbili za hiki na mbili za kile. Linalotaka ueleze kwa ufupi halitaki historia ya dhana tangu Ugiriki ya kale. Tunaposahihisha, alama nyingi zinapotea kwa mtu kumwaga yote anayoyajua wakati aliulizwa jambo moja.

Kuhusu madesa, hatuyakatai. Muhtasari wa kaka au dada wa mwaka wa pili unaweza kukuonyesha kozi ilivyo. Hatari yake ni kwamba umetoka kwenye kichwa cha mtu mwingine, una makosa aliyoyabeba naye kutoka kwa aliyemtangulia, na mhadhiri huenda amebadilisha kozi. Tumia pepa za zamani kwa namna tofauti na unavyoyatumia madesa: zifanye kwa saa, bila daftari, kisha peleka majibu kwenye semina. Kukariri majibu ya pepa za miaka mitano ukitumaini zitajirudia ni kamari.

Makundi ya majadiliano yana faida ikiwa watu wanne au watano wanakutana kwa dakika 90, kila mmoja ameshasoma, na kila mmoja amepewa kipande cha kuwafundisha wengine. Likiwa na watu kumi linageuka kijiwe. Ambaye hakusoma asikilize, lakini asipewe nafasi ya kuliongoza kundi. Na kwenye kazi za pamoja, acheni tabia ya kuandika jina la mtu kwa sababu alichangia fedha ya kuchapisha. Atafika testi hajui lolote, na nyinyi mtakuwa mmeshiriki kumpoteza.

Zana za akili unde zimeingia madarasani tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022, na kuzikataza kwa mdomo hakusaidii. Mwanafunzi anayeiambia programu imwulize maswali kumi juu ya mada aliyoisoma, kisha imwonyeshe alipokosea, anapata faida ya kweli. Anayeiagiza imwandikie kazi ya nyumbani analipa mara mbili: hajifunzi, na programu hizo hubuni marejeo, majina ya vitabu na kesi ambavyo havipo duniani. Tunakutana navyo. Kila chanzo unachokitaja, kifungue kwa macho yako. Vyuo vingi vinapitisha kazi kwenye Turnitin, programu inayogundua maandishi yaliyonakiliwa, na adhabu ya wizi wa maandishi si ndogo.

Siku ya UE, saa 3 ni dakika 180. Pepa ya maswali matano ya alama sawa igawe hivi: dakika 10 kusoma karatasi yote na kuchagua, dakika 32 kwa kila swali, dakika 10 za mwisho kupitia namba za maswali na kurasa. Dakika ya 32 ikifika, acha nafasi na uhame. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko mbili za mwisho za swali ulilozama ndani yake, na aliyeandika maswali matatu kwa ufasaha mkubwa ameshatupa alama 24 kati ya 60 kabla hatujaanza kusahihisha. Simu iache nje. Hata ikiwa imezimwa ndani ya mfuko, kwa kanuni za vyuo vingi ni kosa linaloweza kukufukuzisha.

Masomo hayasimami kama fedha na mwili vimeyumba. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, inakuja kwa mkupuo wa takriban siku 60, yaani 600,000. Kwa kijana wa miaka 19 hiyo ni fedha nyingi kuliko alizowahi kushika, na wiki ya kwanza ya bumu ndiyo wiki ya hatari. Siku inapoingia, kabla ya kununua chochote, igawe. Mfano wa anayeishi geto kwa kuchangia chumba cha 50,000 kwa mwezi upande wake: 100,000 za kodi ya miezi miwili zilipwe siku hiyohiyo, 80,000 za nauli, bando na kutoa kopi, 60,000 za akiba zisizoguswa, zinabaki 360,000 za chakula, sawa na 6,000 kwa siku. Ile akiba ya 60,000 si ya sherehe. Bumu likichelewa siku 10, ndizo 6,000 za siku hizo. Toa fedha ya chakula mara moja kwa wiki, 42,000 kila Jumapili, na kadi ya benki ibaki chumbani. Unaokoa makato ya kutoa kila siku, na ukiishiwa Alhamisi unajua ni Alhamisi, hutagundua mwezi umekwisha. Nunueni mchele na maharage kwa pamoja watu watatu mpike zamu, bei inashuka na hampotezi jioni nzima kila mmoja jikoni.

Wengi wanatuma sehemu ya bumu nyumbani. Hatuwezi kumwambia mtu asimsaidie mama yake. Tunachoomba ni kiasi kipangwe kabla fedha haijaingia, na wazazi waelewe kwamba ile ni sahani ya mtoto. Mikopo ya mitandaoni na ile ya kausha damu iepukwe kabisa, kwa kuwa riba yake inakula bumu linalofuata kabla halijafika. Kubeti vilevile. Mikeka imetengenezwa ili kampuni ibaki na sehemu ya kila shilingi inayowekwa, kwa hiyo anayecheza muda mrefu anapoteza, na tumeona vijana wakiacha chuo kwa ada iliyoishia huko.

Lala jumla ya saa 7 hadi 9 kwa siku. Kulala si muda uliopotea: ubongo hupanga na kuhifadhi ulichosoma mchana wakati umelala, hivyo aliyekesha amesoma na kufuta hapohapo. Pangeni mwisho wa kusoma uwe saa tano usiku, mkianza saa kumi na moja alfajiri mtakuwa mmepata saa 6. Lala kidogo mchana kuzijazia. Simu ikae nje ya mkono wakati wa kusoma, dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, maana kila ujumbe unaoutazama unachukua dakika kadhaa kabla hujarudi ulipokuwa. Tandika chandarua hata hosteli. Homa usiisubirishe kwa panadoli hadi testi ipite.

Na ukiumwa au ukifiwa, hapa ndipo watu wanapoteza mwaka mzima kwa kutojua. Taarifa ya daktari na barua ya kuahirisha mtihani vinatakiwa kufika idarani kabla ya pepa, au ndani ya siku chache zilizotajwa kwenye kanuni. Aliyeingia mtihani akiwa mgonjwa, akafeli, kisha akaleta cheti cha hospitali, kwa kawaida hasikilizwi. Kama mambo ni mazito zaidi, kuna utaratibu wa kuahirisha muhula au mwaka kwa maandishi. Kuondoka kimya kunahesabiwa kuwa umeacha masomo. Hifadhi karatasi zako zote za testi na kazi zilizosahihishwa hadi matokeo yatoke, kwa kuwa alama ikikosekana kwenye mfumo ushahidi ni ile karatasi. Na ukihisi moyo umekuwa mzito, hulali, huoni maana ya kuamka, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ina watu wa unasihi na huduma yao hailipiwi. Nenda mapema.

Wahadhiri wana saa za kuonana na wanafunzi zilizobandikwa mlangoni, na kwa masikitiko yetu saa hizo mara nyingi hazina mtu. Njoo na swali lililokamilika: nilisoma hiki, nilijaribu hivi, nimekwama hapa. Ukiandika baruapepe, taja kozi, jina na namba ya usajili. Mhadhiri akikuita nyumbani, hotelini, au ofisini usiku kwa jambo la alama, usiende. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake, mwambie mtu unayemwamini, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113. Wavulana pia wanaombwa rushwa ya fedha ili wapitishwe, na namba ni hiyohiyo.

Kwa viongozi wa vyuo tuna maombi matatu. Wiki ya utangulizi itengewe angalau saa 2 za kumfundisha mwanafunzi kuandaa daftari, kujiuliza maswali na kusoma kanuni za mitihani, na somo hilo lirudiwe wiki ya tano, wakati wanafunzi wameshaona ugumu wenyewe na wana maswali. Pepa za zamani ziwekwe maktaba, ili asiye na ndugu chuoni azipate sawa na mwenye naye. Na testi ya kwanza isahihishwe na kurudishwa kabla ya ya pili haijafanyika, pamoja na maelezo ya makosa yaliyojirudia, kwa sababu mwanafunzi anayepata karatasi yake wiki moja kabla ya UE hana tena muda wa kurekebisha chochote.

Walimu wa semina za mwaka wa kwanza,
Dar es Salaam